Mvua za Nairobi: ununue gari la 4WD au ubadilishe matairi?

Kila mwaka kabla masika hayajaanza, swali ni lile lile kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa: "Jameni, hii Fielder niuze nichukue Forester, ama niweke tu matairi mapya?" Fielder ni Toyota ya chini, kwa kawaida ya kuvutwa na magurudumu ya mbele; Forester ni Subaru ya 4WD iliyoinuka. Majibu huja chapuchapu, na mengi ni ushabiki mtupu. Mwenye Subaru atasema Subaru. Mwenye Probox atasema kuendesha ni mkono, gari ni chuma tu. Mwenye Prado hukaa kimya, kwa sababu anaishi Lavington na lami inamfikisha mpaka getini.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa wakazi wengi wa jiji hili, pesa ya kwanza iende kwenye matairi. 4WD, au fobaifo kama tunavyoiita, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ina kazi yake, na kuna mitaa ambako ukiikosa utalala nje ya geti lako mwenyewe. Ila kazi hiyo ni finyu kuliko wanavyokueleza wauzaji wa magari pale Ngong Road.

Mzozo ulioanzia kwenye theluji

Mabishano haya yana wenyewe. Kule Kanada, Norway au Hokkaido, watu hubishana kama ni heri 4WD au matairi ya majira ya baridi. Matairi hayo yana raba laini isiyokakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na uso wake umechanjwa mikato myembamba ya kung'ata theluji na barafu. Ujerumani, barabara ikiwa na theluji au barafu, sheria inakutaka uwe na matairi ya aina hiyo, na kusema gari lako ni 4WD hakukuokoi na faini. Sababu yao ni kwamba 4WD hulisukuma gari liondoke, lakini haina msaada wowote likitakiwa kusimama.

Sisi theluji hatuna. Asubuhi ya Julai ambayo kila mtu Nairobi amejifunika mpaka masikio, kipimajoto bado kinasoma nyuzi 10 au 12. Kwa hiyo matairi ya baridi hayatuhusu, isipokuwa kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui: huenda tayari unayo. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na yale yaliyotoka sehemu za baridi hufika Mombasa yakiwa bado na matairi yake ya theluji. Muuzaji atakuonyesha mistari mirefu iliyojaa na kukuambia, "Boss, tairi ziko freshi kabisa." Chuchumaa, usome ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, hesabu gharama ya matairi mengine juu ya bei ya gari. Raba hiyo kwenye lami yenye joto letu huwa laini kupita kiasi: hulika haraka, hufanya gari lielee kidogo ukikata kona, na kwenye lami iliyolowa huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko tairi la kawaida. Mistari yake ikivutia macho, usihadaike.

Lami ikilowa

Hapa ndipo wakazi wengi wa Nairobi hutumia karibu safari zao zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

4WD hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne badala ya mawili, basi. Breki ziko kwenye magurudumu yote manne katika kila gari, liwe Vitz au Land Cruiser. Ukikanyaga breki kwenye mteremko wa Waiyaki Way mvua inanyesha, kinachokusimamisha ni vipande vinne vya raba vilivyogusa lami, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Maandishi ya 4WD yaliyo nyuma ya gari yanasomwa na aliye nyuma yako tu.

Chukua hesabu ya darasa la fizikia. Uko Nairobi Expressway, ambako kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Kama mshiko wa tairi na lami ni 0.7, gari litasimama baada ya mita 36 hivi tangu breki ziume. Mshiko ukishuka hadi 0.4, kwa sababu lami imelowa na tairi limeisha, utahitaji mita 63. Tofauti hiyo ya mita 27 inatosha magari sita yaliyofuatana kwenye foleni.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Kazi ya mifereji hiyo ni kukamua maji yatoke chini ya raba. Ndani yake kuna vijituta vidogo vya raba, na vikilingana na uso wa tairi ujue zimebaki milimita 1.6 na tairi hilo ni la kutupa. Lakini ukingoja mpaka hapo umechelewa. Likishafika milimita 3, uwezo wake kwenye maji umeshashuka sana, na ukiingia kwenye dimbwi kwa kasi gari hupanda juu ya maji na usukani huwa mwepesi ghafla mkononi. Wakati huo hata ungekuwa na magurudumu manane yanayosukuma, hakuna linalogusa ardhi.

Kuna jambo jingine kuhusu 4WD kwenye lami ambalo sisikii likisemwa. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele hukuonya. Ukiondoka kwenye raundabauti siku ya mvua ya kwanza, wakati dizeli na oili ya miezi ya ukavu imechanganyika na vumbi na kuwa utelezi mtupu, gurudumu la mbele litazunguka bure kidogo na utalisikia. Unaelewa papo hapo kwamba leo barabara haina mchezo. 4WD hukuficha habari hiyo. Inaondoka vizuri, inapanda vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, mpaka lori lililo mbele lisimame ghafla pale General Motors, Mombasa Road, na ndipo unapogundua ulikuwa unaendesha juu ya sabuni. Si ajabu basi kwamba magari yanayoonekana mtaroni asubuhi za mvua si Vitz na Demio peke yake.

Haki yake nayo niitoe: kwenye barabara ndefu yenye kona na mvua, mfano ukishuka kutoka Rironi kuelekea Mai Mahiu, 4WD ya kudumu kama ya Subaru hulifanya gari litulie ukiwa umekanyaga mafuta. Ila kwenye mteremko ule hukanyagi mafuta. Unashuka kwa gia ya chini, na tumerudi kule kule kwenye matairi.

Ukitoka kwenye lami

Sasa mambo yanabadilika, na inategemea udongo wenu ni upi.

Upande wa Kikuyu, Ndenderu, Limuru na Ngong ni udongo mwekundu. Ukilowa huteleza juu, lakini chini kuna ugumu. Shida yake kubwa ni barabara iliyoinuka katikati: gari linajivuta lenyewe pembeni polepole, mpaka gurudumu la kushoto liwe mtaroni nawe ukilitazama tu. Hapa gari la mbele-tu lenye matairi mazuri na dereva asiye na pupa hufika. Kama kuna mlima mkali kabla ya nyumbani, 4WD inaanza kujilipa, maana gari la kuvutwa mbele likipanda, uzito hurudi nyuma na magurudumu yanayovuta hubaki mepesi. Kuna wanaopanda kinyumenyume kwa sababu hiyo hiyo, na inafanya kazi, ingawa majirani watacheka.

Ruai, Kamulu, Utawala, Syokimau na Kitengela ni habari nyingine. Huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kufura mvua ikinyesha. Huo hauna ugumu wa karibu chini yake, na unanata. Tairi la kawaida la barabarani likizunguka mara chache, mifereji yote imejaa na limekuwa kipara hata kama ulilinunua jana. Nimemwona jamaa Kamulu akiwa na suti, amekunja suruali hadi magotini, anachokoa tope kwa panga kati ya tairi na bodi ya gari lake. Tope lilikuwa limejaza nafasi yote mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Gari lilikuwa 4WD. Magurudumu yote manne yalikuwa yamegoma kwa usawa. Pembeni walikuwa vijana wa kusukuma, wametulia kabisa, na bei yao ilikuwa ikipanda kadiri tai yake ilivyozidi kuchafuka.

Kwenye udongo huo mweusi mambo mawili hayatengani. 4WD peke yake na matairi ya lami hukwama mbele kidogo tu ya pale 2WD, gari la kusukumwa na magurudumu mawili, ingekwama. Matairi ya tope peke yake kwenye gari dogo la chini hukwama kwa tumbo. Unahitaji 4WD, matairi yenye meno yaliyoachana, na gari lililoinuka. Hili la tatu watu hulisahau. Wengi wanaosifu 4WD yao kwa kuwavusha, kilichowavusha hasa ni kimo. Forester ya miaka ya karibuni ina sentimita 22 kutoka ardhini hadi tumboni, Fielder ina kama 15. Kwenye barabara ya mawe na mashimo, sentimita hizo saba zina maana kuliko gurudumu la nyuma linalosukuma. Ndiyo maana utaona Note na Fielder nyingi zimewekewa spesa, vipande vya kuinulia springi, zipande kidogo. Spesa zikiwa za wastani na fundi akiwa makini, ni njia ya bei nafuu ya kutatua tatizo ambalo mtu alidhani ni la 4WD.

Ukinunua matairi, herufi za ubavuni au za muuzaji zitakusaidia. HT ni ya lami. AT ni ya kuchanganya, lami na muramu, na kwa anayeishi Ruai na kufanya kazi mjini ndiyo ninayoipendelea. MT ni ya tope hasa: yana kelele barabarani, hula mafuta, na kwenye lami iliyolowa hayashiki vizuri kama HT. Mtu wa Kilimani anayeweka MT kwa ajili ya sura amelipa zaidi ili asimame mbali zaidi.

Maji yakiwa mengi

Hapa hakuna mshindi. Bellevue, South C, T-Mall, Enterprise Road: maji yakikusanyika hapo, hakuna tairi wala 4WD ya kukusaidia. Sentimita 30 za maji zinatosha kuinua gari dogo, na 60 zinazokwenda kasi hubeba magari mengi, makubwa yakiwemo. Waliokuwa Nairobi wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa. Injini ikivuta maji kupitia kichujio cha hewa na gari likazima, usijaribu kuwasha tena. Pistoni haziwezi kukandamiza maji, kinachopinda ni chuma. Livutwe mpaka kwa fundi likiwa limezimwa.

Mfuko unasemaje

Seti ya matairi manne mapya ya inchi 15 ni hesabu ya makumi ya maelfu ya shilingi. Kuhama kutoka Fielder hadi Forester ni mamia ya maelfu, na hapo hujaanza kulipia tabia za 4WD.

Tabia ya kwanza ni matairi, tena. Kwenye 4WD ya kudumu, magurudumu yote manne yanapaswa kuwa na mzingo unaokaribiana sana. Subaru wanataka tofauti isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Ukiweka tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi kila sekunde ikidhani unakata kona. Baada ya muda itachoka, na bili yake utaisoma mara mbili. Kwa hiyo pancha ya ubavuni, ambayo kwa mwenye Vitz ni kununua tairi moja la mitumba na kwenda zake, kwa mwenye Subaru inaweza kuwa seti nzima. Wengi wa wanaoendesha 4WD zilizochakaa Nairobi wanachanganya matairi ya majina manne tofauti, halafu wanalaumu gari.

Kisha kuna oili za difu, propela shafti na bearingi zake, na mafuta ya ziada kwa uzito unaobebwa kila siku kwenye foleni ya Jogoo Road ambako 4WD haina la kufanya. Na hili usilipuuze unapochagua gari lenyewe: toleo la 4WD la gari la Kijapani mara nyingi liliuzwa kule kwenye theluji, na barabara za theluji humwagiwa chumvi. Usiridhike na rangi inayong'aa. Lipandishe kwenye jeki, utazame tumbo, mabomba ya breki na pale shokapu zinaposhikilia. Kutu ya kukwaruzika kwa ukucha ni sababu ya kuondoka.

Uliza pia ni 4WD ya aina gani. Ya X-Trail ya zamani ina kitufe cha kuchagua: 2WD, AUTO na LOCK, siku nyingi ni gari la kuvutwa mbele, na magurudumu ya nyuma huamka ya mbele yakiteleza. Ya Hilux au Jimny unaingiza mwenyewe, na hutakiwi kuiacha imeingia kwenye lami kavu, maana haina difu ya katikati na ukikata kona inajisokota. Ya Subaru iko kazini muda wote. Kuna watu wameendesha RAV4 miaka wakijivunia fobaifo, na nyuma hakuna shafti. Toleo la 2WD lipo, na kwa nje hutaliona. Inama uangalie.

Ukienda kununua matairi

Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. "Mpya" ya miaka sita iliyokaa juani dukani imeshaanza kuwa ngumu, na raba ngumu haishiki kwenye lami iliyolowa. Mitumba ndiyo huangaliwa zaidi: tafuta mahali ambapo vile vijituta vya ndani ya mfereji vimekatwa. Vikiwa vimekatwa, tairi hilo lilikuwa kipara na mtu amelichonga upya kwa kisu cha moto, na kati ya mfereji na nyuzi za ndani hakujabaki kitu cha kuaminika.

Ukimudu mawili tu, yaende nyuma, hata kama gari linavutwa mbele. Fundi atakubishia, karibu wote hubisha, lakini gari likiteleza mbele unaweza kupunguza kasi na kulirudisha, likiteleza nyuma linageuka kabla hujajua la kufanya. Na upepo ufuate karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, si kisio la kijana wa petroli.

Basi kwa anayeishi Umoja, South B, Kasarani au Kileleshwa na kufanya kazi mjini: matairi mapya ya HT, alaimenti, breki zikaguliwe, na pesa nyingine zikae. Anayepanda mlima wa udongo mwekundu kila jioni, afikirie 4WD ndogo kwa utulivu, lakini atembee kwanza kilomita ile ya mwisho kwa miguu asubuhi baada ya mvua ya usiku. Viatu vikitoka na utelezi tu, Fielder yenye AT itafika. Vikitoka na kilo ya tope kila kimoja, uko kwenye udongo mweusi, na hapo ni Forester, Prado au Escudo yenye AT nzuri.

Au fanya wanavyofanya majirani wengi wa Kamulu wenye magari madogo: gumbuti ndani ya buti, gari linabaki kwenye kituo cha petroli kando ya Kangundo Road, na kilomita zilizobaki ni za miguu au boda boda. Mwenye kituo uongee naye Februari. Aprili nafasi zimejaa na bei si ile.